Prosesa Ambayo Bado Haijatoka

Kaka yangu mpendwa,

Kwanza pokea salamu zangu, hata kama bado umeninunia. Nakujua wewe: ukinuna hupokei simu, lakini karatasi huwezi kuipita bila kuisoma. Tangu utotoni ulikuwa unasoma mpaka maandishi ya kwenye mfuko wa sukari. Habari za huko? Wifi hajambo? Mgongo wake umetulia, au bado unamwachia abebe ndoo huku wewe umekaa unaangalia mpira? Na wanangu hao wawili, wanaendeleaje na shule? Mwambie yule mdogo kwamba shangazi yake hajamsahau, na akiniandikia tena asinifundishe spidi ya ramu za kompyuta, nilikuwa naijua kabla hajaota meno.

Sisi huku tu wazima. Baba mwili wake hauna tatizo. Anakula, analala, anatembea mwenyewe mpaka karakana na kurudi, na bado anawasemesha watu wote njiani hata asiowajua, ambao siku hizi ni wengi. Habari za kichwa chake ndizo zinazonifanya nikuandikie.

Kabla hujafanya lolote kuhusu safari yako, nakuomba usome barua hii mpaka mwisho. Najua nimekuvuruga. Ulinitumia tiketi nije kwako tuzungumze, tuamue kama karakana ifungwe na baba ahamie kwenu, nikairudisha. Nikakwambia afadhali uje wewe. Ukaomba likizo, ukapewa, wifi akaanza kununua vitu vya kutuletea. Halafu juzi nikakupigia nikakwambia usije. Ukaniuliza kama nimerukwa na akili, na sikuweza kukujibu kwa sababu baba alikuwa amekaa hapo hapo anapuliza vumbi kwenye feni, ukanikatia simu. Sikulaumu, hata mimi ningekata. Sasa nataka nikueleze kila kitu kwa utaratibu, bila wewe kunidakia maneno.

Nianze na karakana, kwa sababu mambo yalianzia humo. Unaikumbuka ile meza ndefu tuliyokulia chini yake, na jinsi baba alivyotufundisha kugusa chuma cha kasha kabla ya kushika prosesa, ubongo wenyewe wa kompyuta, ili ule umeme kidogo unaobaki mwilini ushukie kwenye chuma na usiiue. Wewe ulikuwa unasahau kila mara, ukawa unapigwa kibao cha mkono. Mimi nilizidisha, nikawa nagusa mpaka komeo la mlango wa choo. Bado tunafanya hivyo hivyo. Kazi ya kuunda kompyuta za mezani haijafa kama ulivyotutabiria ukiwa umevaa tai yako mpya ya bima. Wapiga picha, wasanifu wa majengo, vijana wa michezo ya kompyuta, wote bado wanataka kasha zito lililojaa feni, na mimi ndiye ninayewaundia, baba akiwa upande wa pili wa meza akikagua nyaya. Majina ya vitu yanampotea. Birika analiita kile cha maji, na mimi siku nyingine ananiita kwa jina la shangazi. Lakini mpe prosesa mkononi, utaona vidole vyake havijasahau kitu.

Mchana, kazi ikipungua, baraza letu hukaa. Wajumbe unawajua. Kuna Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye anaweza kumwacha mteja na nusu ya ndevu ili aje kusikia tetesi. Na alikuwepo yule mwalimu mstaafu wa fizikia tuliyempachika jina la Viini Vingi, kwa sababu kila prosesa inayokuja yeye lazima aseme itakuwa na viini vingi kuliko iliyotangulia. Viini, kama wifi anasoma begani kwako, ni zile sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja, tuseme vyerehani vingi katika duka moja la mshonaji. Viini Vingi aliamini ukiongeza vyerehani nguo zinaisha haraka. Kinyozi alishikilia kwamba vyerehani vyote hivyo ni kula umeme bure na kutia watu joto. Walikuwa wanabishana hivyo kuhusu kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekiona, wakitegemea picha mbili zenye ukungu zilizovuja mtandaoni, mpaka mteja akiingia anadhani kuna ugomvi wa kiwanja. Na mimi nilikuwa na msimamo wangu, usidhani nilikaa kando. Nilikuwa nasema watabadilisha soketi, lile tundu la kukalishia prosesa, makusudi watulazimishe kununua bodi mpya, ule ubao unaobeba kila kitu. Baba ndiye aliyekuwa akitutuliza. Kila mara alisema tusubiri itoke ndipo tuseme.

Kuna neno moja la karakana nalo inabidi nikueleze, maana lilianza baada ya wewe kuondoka. Prosesa ikishaacha kutengenezwa, sisi huiita marehemu. Mteja akileta kompyuta ya kizamani, Kinyozi anavua kofia na kuuliza marehemu alikuwa akisumbuliwa na nini. Ni mzaha tu, na ulitupendeza. Kwa sababu ya mzaha huo tulichelewa sana kusikia alichokuwa anasema baba.

Siku moja walikuwa wanabishana kuhusu prosesa iliyotoka mwaka huu. Wakati huo ilikuwa bado, hata jina lake lilikuwa la kubahatisha. Baba alikuwa anachambua skrubu, ndogo huku na kubwa kule. Bila kuinua kichwa akasema yule marehemu hakuwa na viini vingi hivyo. Tulicheka sana. Kinyozi akamuuliza inakuwaje mtu afiwe na ambaye hajazaliwa. Baba hakucheka. Akaendelea, kwa sauti ya mtu anayeeleza kazi iliyomchosha, kwamba ile prosesa ilikuwa na viini vya aina mbili, vikubwa vichache na vidogo vingi. Kwamba soketi haikubadilika, kwa hiyo maneno yangu yalikuwa ya bure. Na kwamba ubaya wake ulikuwa kona ya chini kushoto, palikuwa pakichemka kuliko pengine pote, ikabidi pasti ya kupozea, ule uji mzito unaopakwa juu ya prosesa, isogezwe upande huo badala ya kuwekwa katikati. Akasema amezika nyingi kwa sababu ya kona hiyo. Kisha akashika kitu kwenye taa. Nasema alishika, ingawa mkononi hamkuwa na chochote. Gumba na kidole cha shahada vilikuwa vimeachana kwa nafasi sawasawa, na alipokigeuza kile kitu nafasi haikupungua wala kuongezeka. Nikaenda kuinjika maji ya chai, kwa sababu sikupenda kuendelea kuangalia.

Miezi ikapita, prosesa ikatoka. Soketi ilikuwa ile ile. Viini vilikuwa vya aina mbili. Viini Vingi alifurahi sana akahesabu vidogo na vikubwa pamoja ili aonekane ameshinda, na Kinyozi akamwambia hata mtoto mchanga anajua kudanganya vizuri kuliko hivyo. Mimi niliunda ya kwanza kwa ajili ya msanifu mmoja wa majengo. Nikaweka pasti katikati kama nilivyozoea. Ilipowaka ikapanda joto, ikazima yenyewe. Nikafungua, nikafuta, nikaweka tena katikati, maana unanijua kwa ubishi, ikazima tena. Mara ya tatu nikaisogeza pasti kuelekea kona ya chini kushoto, ikatulia kabisa. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisema tu kwamba alikwishaniambia, na akaenda zake kukaa.

Nilimweleza Viini Vingi faraghani. Akanipa jibu la kitaalamu, kwamba mzee anaweza kusoma jambo mahali, akasahau kuwa amelisoma, likabaki akilini mwake kama kumbukumbu. Nikaridhika, kwa sababu nilikuwa natafuta kuridhika.

Sasa nije kwa Viini Vingi mwenyewe. Nilipokupa habari za msiba wake sikukueleza hili. Mchana mmoja baraza limekaa, Viini Vingi yuko kwenye kigoda chake karibu na dirisha, miguu ameikunja, anakunywa chai. Baba alikuwa akimweleza Kinyozi jinsi mwanga wa dirishani unavyofaa kuangalia pini ndogo, akasema, pale ndipo marehemu Viini Vingi alipokuwa anapenda kukaa. Huku anamwonyesha kwa kidole. Kaka, tulivunjika mbavu. Viini Vingi ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akamwagikiwa na chai. Akauliza basi yeye marehemu ameacha urithi gani, na Kinyozi akamwambia ameacha kikombe kisichooshwa. Tukamwambia sasa ameacha kutengenezwa, vipuri vyake havipatikani tena. Baba alituangalia sisi sote mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya msiba akakuta watu wanacheza ngoma. Akainuka, akakichukua kikombe cha Viini Vingi mkononi mwake, akaenda kukiosha na kukifunika juu ya rafu.

Hazikupita siku nyingi. Alikula chakula cha mchana kwake, akajilaza kwenye kochi, watoto wake wakaja kumwamsha kwa ajili ya simu, hakuamka. Nilipoipata habari ile sikulia mwanzoni. Nilikiangalia kile kikombe juu ya rafu, na niliogopa kumwambia baba. Hatimaye nilimwambia. Akanijibu kwa upole kwamba anajua, ni zamani hiyo, na akaniuliza kwa nini namrudisha kwenye msiba ambao watu wamekwisha kupoa.

Najua unachofikiri wakati huu. Unafikiri mzee wa umri ule, mwenye sukari, angekufa tu. Kweli. Na prosesa, unafikiri, ni bahati. Kweli pia. Nilijiambia hayo yote kabla yako. Lakini tangu hapo nikawa nasikiliza. Nikaanza kumchunga baba maneno yake, si aliyoyasema bali jinsi alivyoyasema, kama ni itakuwa au ilikuwa. Baba alipita mle karakanani akitaja kila kitu, meza, taa, wateja, kama vitu ambavyo bado vipo. Mimi pia alinitaja hivyo. Asubuhi aliniambia leo una kazi nyingi, nikashukuru. Huwezi kujua raha ya kuambiwa una kazi nyingi.

Halafu ikaja tiketi yako. Nilifurahi sana, usidhani nilikuwa natafuta visingizio. Nilikwishapanga kila kitu: Kinyozi atamwangalia baba mchana, shangazi atalala naye. Nikaiweka tiketi kwenye droo ya bisibisi. Siku ile ile alikuja mteja, muuguzi mmoja wa zahanati, ameleta kompyuta yake isafishwe vumbi. Nilikuwa nimeinama ndani ya kasha, baba anazungumza naye. Nikasikia anamweleza kuhusu jinsi ya kukalisha feni ili hewa ipite vizuri. Akamwambia, "Hii alinionyesha marehemu mwanangu. Alikuwa na mkono mwepesi. Yalimkuta njiani, anakwenda kumwona ndugu yake."

Bisibisi ilinitoka mkononi ikaangukia kwenye bodi. Yule muuguzi akampa baba pole, kisha akageuka akanipa na mimi pole sana. Nikamjibu nimeshapoa, kama mtu anavyojibu bila kufikiri.

Nani alikuwa na safari? Mimi. Nani alikuwa anakwenda kumwona nduguye? Mimi, na tiketi iko kwenye droo. Namna ya kukalisha feni nilimwonyesha mimi, mwaka jana. Au ndivyo nilivyodhani wakati ule. Sikulala vizuri, sikula, nikakurudishia tiketi na kukuambia karakana ina kazi nyingi, uje wewe. Nilijisikia mjanja. Nilijiona kama nimekwepa ngumi. Sikukuambia sababu, kwa sababu wewe unauza bima na siku nzima unapima hatari za watu wengine, nikajua utanicheka mpaka ofisi yako yote isikie.

Unakumbuka siku uliyopiga simu ya video kutuambia likizo imekubaliwa? Nilikuwa na furaha nikampa baba simu akuone. Alichelewa kuipokea, ukauliza kama mtandao umekata. Mtandao haukukata. Baba alikuwa amenyoosha mkono akagusa chuma cha kasha lililokuwa mezani, akaushikilia pale kwa muda, kisha ndipo akaichukua simu kwa ncha za vidole. Wewe ukamwambia mzee umependeza, na yeye akakuangalia tu, akitabasamu. Nikajiambia ni kwa sababu simu ni chombo cha umeme. Lakini simu yangu anaishika kila siku, anaitumia kuweka chini ya mguu wa meza inayoyumba, na hajawahi kugusa chuma kwanza. Mimi mwenyewe hunishika bega moja kwa moja.

Wiki iliyopita yule muuguzi alirudi kuchukua kompyuta yake. Mwanamke mwenye moyo, alikuja na matunda. Akanipa pole tena, akaniuliza ndugu yangu aliyefariki alikuwa mkubwa wangu au mdogo wangu.

Nilibaki nimeyashika matunda yake mpaka akadhani amenikosea. Kaka, yule mama hatujui. Alisikia maneno yale yale niliyoyasikia mimi, akayaelewa kama mtu yeyote mwenye akili anavyoyaelewa. Mzee anasema marehemu mwanangu, binti yake yuko pale hai, ameinama ndani ya kasha. Basi aliyekufa ni yule mwingine, na wa kupewa pole ni huyu. Mtu hapewi pole kwa kifo chake mwenyewe. Mimi niliyezaliwa na lugha hii nilisikia mwanangu nikasikia mimi. Nilisikia anakwenda nikasikia nakwenda. Baba hakusema binti wala hakusema kijana. Alisema mwanangu, na mwana ni wewe na mwana ni mimi. Alisema ndugu yake, na hilo nalo ni sisi wote wawili. Na namna ile ya kukalisha feni, nilipokaa nikafikiri, nilikumbuka mimi nilifundishwa na nani. Ulinionyesha wewe, likizo ile ya mwisho uliyokuja kabla hujaoa, baba akiwa amesimama mlangoni.

Ndugu yangu, nilikuita mimi. Nilitoka njiani nikakuweka wewe, na sikujua ninachokifanya. Naogopa kiasi kwamba nasahau ni skrubu ipi nimekwisha kuikaza. Ndiyo maana nilikupigia juzi.

Lakini sikutaka kukupa habari nusu, kwa hiyo jana mchana nilifunga mlango wa karakana, nikamwambia Kinyozi asiingie, nikakaa mbele ya baba nikamuuliza. Nilimuuliza ana watoto wangapi. Alifikiri kidogo, akaniambia alikuwa nao wawili, sasa amebaki na mmoja. Nikamuuliza aliyebaki ni yupi. Alinitazama kwa ule upole anaowapa wateja wapya, nikaona kwamba hanijui. Akasema ni fundi mzuri sana, kila kitu alimfundisha yeye mwenyewe. Nikamuuliza yuko wapi. Akanionyesha kiti cha plastiki, akaniambia nikae nisubiri kidogo, mwanawe yuko njiani anakuja.

Nikakaa, kaka. Sikujua la kufanya, nikakaa nikasubiri. Tulikuwa tumekaa hivyo sisi wawili, yeye ananiangalia mara kwa mara na kunitia moyo kwamba hachelewi, na mimi nauangalia mlango. Sikujua kama nakusubiri wewe au najisubiri mimi. Kila nyayo zikipita nje nilikuwa naomba zisisimame. Hatimaye Kinyozi alibisha kuomba koleo, baba akashtuka, akaniita jina langu, akauliza kwa nini tumefunga mlango na jua lote hili.

Basi hayo ndiyo yote niyajuayo. Sijui ni yupi kati yetu. Mkono wake uligusa chuma kwa ajili yako, lakini jana alinikalisha mimi kwenye kiti cha mgeni. Sijui pia kama mambo haya yanazuilika. Pasti niliweza kuisogeza, lakini kona ilichemka vile vile. Ninalojua ni moja tu, kwamba alisema njiani, akienda kumwona nduguye. Bila safari hakuna njia. Nichukulie kama mteja wako aliyekuja ofisini na hofu ya kijinga, na umwandikie anachotaka ili aondoke.

Karakana isifungwe. Baba asihamishwe, nje ya meza ile hana mahali anapokuwa mtu mzima. Shangazi amekubali kuja kukaa nasi, na Kinyozi amesema kigoda cha dirishani atakikalia yeye ili kisibaki kitupu. Wanaanza tena kubishana kuhusu prosesa ya mwakani. Picha zimevuja, Kinyozi anasema safari hii hata soketi itahama. Mimi sichangii, na baba akifungua mdomo nawasha mashine ya kupuliza vumbi, inapiga kelele nzuri. Wewe rudisha likizo yako kazini, mwambie wifi vile vitu alivyonunua avipe majirani. Tuzungumze kwa simu kila siku, hata kama ni ya kununiana. Nimekukosa mno. Ningetoa kila kitu kilicho juu ya meza hii nikuone unaingia pale mlangoni ukisahau kufuta viatu, na ndiyo maana nakuandikia sasa, wakati bado nina nguvu ya kusema hapana.

Nisalimie wifi, umwambie asiniwekee kinyongo. Wabusu wanangu. Shangazi anakusalimu, na Kinyozi anauliza kama kipara chako kimekamilika. Baba sikumwambia kwamba nakuandikia.

Nina ombi la mwisho, na najua ni zito kuliko yote niliyokuomba tangu tuzaliwe. Baba ni mzee. Iko siku nitakupigia simu ninalia, nitakwambia baba ametutoka, nitakwambia njoo haraka tumzike. Siku hiyo nitakuwa nimesahau barua hii, au sitakuwa na moyo wa kuikumbuka. Nitakulaani kwa kutokuja, na ndugu wote watakulaani pamoja nami. Usije. Nitamzika mimi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Bisibisi